Mkunga Hashuki

Palma, mji wetu mdogo wa pwani, ilikuwa na barabara moja tu ya maana, ya mchanga, na kabla ya vita vya kuwaondoa Wareno sote tuliitumia bila ya kugombana. Hatukuandikiwa sheria na mtu. Mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani alipishwa na kila mtu. Baiskeli tupu iliipisha yenye mzigo. Kijana aliyekutana na mzee wake alishuka, akaamkia, ndipo akapanda tena. Hata lori la nazi la Mhindi lilipiga honi mara moja tu, kisha dereva akangoja mbuzi watoke kwa raha zao.

Juu ya hao wote alikuwa mkunga. Akiitwa kwenye uchungu hasalimiwi, hasimamishwi, na yeye hamjibu mtu mpaka afike, maana kwetu wanasema maneno ya njiani humchelewesha mtoto. Ukimwona anakuja kimya hivyo, unasogea, basi.

Mkunga wetu alikuwa Cadija, mwanamke pekee Palma aliyeendesha baiskeli. Wanaume waliomcheka walikoma siku wake zao waliposhikwa na uchungu. Mimi, Abibo, fundi baiskeli, ndiye niliyemkatia lile bomba la juu la fremu ili apande na kanga zake kwa heshima.

Mwaka wa sitini na saba Wareno wakaleta malori ya jeshi, na nyuma ya malori ikaja amri. Gari la jeshi likipita, mwenda kwa miguu aingie kichakani, na mwenye baiskeli ashuke, avue kofia, asimame wima mpaka gari la mwisho lipite. Nadhani walikuwa wamewaona vijana wetu wakiwashukia wazee, wakaitamani heshima ile. Nilisema sokoni kwamba lori halijamlea mtu yeyote Palma, nikapigwa kofi. Sijutii.

Aliyewekwa kuisimamia amri alikuwa sipai mgeni, yaani askari Mwafrika wa Wareno, Raimundo, Mkristo kutoka Mueda, aliyekuja na mkewe Fernanda. Desturi zetu hakuzijua. Asubuhi moja Cadija alikuwa anakwenda kwa Fátima, mke wa muuza chumvi, na msafara wa malori ukawa unaingia. Raimundo akamwambia ashuke. Cadija kimya. Akamwuliza anakwenda wapi, mara tatu, na mara tatu hakujibiwa. Akaona amedharauliwa, au pengine mama huyu anapeleka habari kwa watu wa msituni. Akaushika usukani, akamvuta hadi posto, kituo cha serikali.

Huko nako Cadija aliendelea kunyamaza, akitumaini watamwacha. Alipofungua kinywa jua lilikuwa limesimama utosini. Mtoto wa Fátima alikuwa ameshatoka na kitovu kimemzunguka shingo, na pale nyumbani hapakuwa na mkono uliojua kukifungua.

Alinirudishia baiskeli ikiwa na gurudumu limepinda, akakaa chini kibandani kwangu, akalia. Aliniambia aliitunza desturi mbele ya mtu asiyeijua, na aliyelipa ni mtoto. Raimundo alipoelezwa alikuja msibani, akasimama nje ya ua na kofia mkononi, asijue aingie vipi. Hakuna aliyemkaribisha. Mimi nilifurahi, na ninalisema wazi.

Tangu hapo Cadija hakushuka tena, uchungu uwepo usiwepo. Mara mbili walimlaza posto, na mara mbili alitoka akapanda baiskeli yake mlangoni mwao.

Miezi minne baadaye Raimundo akaja mbio kibandani. Fernanda ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki, na nesi wa jeshi yuko Mocímboa. Cadija alikuwepo, ananingoja nizibe tundu. Nilimwambia sipai akaliombe lori limzalishie mkewe.

"Abibo, funga mdomo, jaza upepo," Cadija akasema.

Kisha akamgeukia Raimundo. "Nyumba yako iko mwisho wa barabara. Nitapita katikati, na sishuki. Wewe ndiye uliyewekwa kunishusha. Amua hapahapa."

"Hushuki, mama," akasema.

Akatangulia mbio. Cadija akafuata kimya, na mimi nyuma yao na bomba la upepo mkononi. Watu walipomwona walisogea huku na huku na ndoo zao. Tulipofika sokoni, malori kumi na manne yakatokea mbele yetu, yameijaza njia.

La kwanza likapiga honi. Raimundo akasimama katikati, akanyoosha mikono. Lori likafunga breki hatua mbili kutoka kifuani pake. Sajini akaruka chini, akafoka kwa nini mwanamke yule bado yuko juu. Raimundo akamjibu kwa Kireno, kisha akalirudia jibu kwa lugha yetu, kwa sauti, ili tusikie sote.

"Anapita mkunga. Magari yangoje."

Akapigwa kitako cha bunduki usoni. Akaanguka magoti, lakini mikono hakuikunja. Na wale wanawake waliokuwa wamekimbilia kichakani malori yalipotokea wakarudi barabarani na ndoo zao vichwani, mmoja baada ya mwingine, wakasimama nyuma yake. Nami nikaenda, nikasimama kando yao. Dereva wa lori la kwanza akatutazama, akalisogeza pembeni mpaka matairi yakazama kwenye mchanga laini. La pili likafuata. Cadija akapita kando ya yote kumi na manne, akipiga kengele gari kwa gari, na hakumtazama mtu.

Walimfunga Raimundo kamba palepale. Alikataa kuondoka kwa miguu yake, ikabidi wambebe. Walipokuwa wanampakia, jicho moja limezibwa na damu, aliniona, akaniuliza kama mama ameshuka.

"Hakushuka," nikamwambia. "Amepita juu ya baiskeli yake, ndugu yangu."

Akacheka, mbele ya sajini na kikosi chake kizima, wakampiga tena kwa kicheko kile, na yeye akazidi kucheka.

Mtoto alizaliwa asubuhi ileile, wa kike, mzima na mama yake mzima. Raimundo alipotoka kifungoni na kumwona kwa mara ya kwanza, mtoto alikuwa tayari anatembea.