Mtungi wa Damiano

Msinihukumu kabla sijamaliza. Mzabibu ule aliupanda marehemu mume wangu uani kwetu, hapa mtaani Malindi, na watu wakamcheka: zabibu na Unguja wapi na wapi! Ukazaa. Chachu kidogo, lakini zabibu.

Mwaka wa sabini na moja kila kitu kilikuwa adimu, hata divai ya misa kanisani ilikwisha. Jirani yangu Damiano, fundi cherehani, akaja kunibembeleza. Mama yake, Bi Perpetua, yu kitandani hajiwezi, na anataka kitu kimoja tu: asomewe misa chumbani mwake kabla hajafa. Padri kasema ikipatikana divai safi ya zabibu, atakuja.

"Chukua zote," nikamwambia. Bi Perpetua ndiye mkunga aliyenizalisha wanangu watano, ningemnyima vipi? Damiano akazikamua zabibu, akazitia mtungini, na kwa kuwa chumba chao kina joto, akauweka stoo kwangu. Povu lilipotulia akauziba kwa nta.

"Mtungi usiingie hewa, Bi Mwatum. Ikiingia, divai inageuka siki."

Lo! Kumbe ndiyo kanifunza. Kila nikisimama kusali naisikia harufu. Khamri, nyumbani kwangu! Nikakumbuka tulivyosomeshwa utotoni chuoni, kwenye Kurani: khamri ikigeuka siki yenyewe, bila ya kutiwa kitu, ni halali. Basi kila alfajiri, nshasali, nabandua nta, nauacha wazi mpaka jua litoke, kisha naurudishia. Sikutia kitu mie! Hata chembe ya chumvi. Nikajiona mwanachuoni mkubwa.

Siku ya misa padri alionja, akakunja uso. Siki, tena kali.

"Tayari?" Bi Perpetua akauliza kitandani. Alkhamisi akafa, hakusomewa.

Majuto ni mjukuu, wanasema; mie wangu alikuja siku ileile. Baada ya maziko Damiano alinijia, macho mekundu.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Sikuuziba vizuri ule mtungi. Nimemkosesha mama yangu. Siki si halali kwenu? Basi itumie, itie kwenye achari."

Maneno yalinifika mdomoni, wallahi. Nikayameza.

"Usijilaumu, mwanangu," nikamwambia. "Ni kazi ya Mungu."

Nikamsingizia Mungu! Siki nimeimwaga chooni yote. Na Damiano, kila akinipita barazani, hunishukuru kwa zile zabibu.