Mume wa Hyasinta

"Nauliza tena, Mama. Mwenye mji yuko wapi?"

Clementi, bwana ardhi aliyekuja kutoka Musoma kugawa mipaka, alikuwa amesimama katikati ya mihogo ya Nyangi na futi yake ndefu ya kupimia, viatu vikikanyaga miche.

"Unaongea naye," Nyangi akasema. "Mume wangu alikufa sina mtoto wa kiume. Nikaoa mwanamke wa kunizalia, kama tunavyofanyaga huku. Ng'ombe nilitoa mwenyewe. Yule mlangoni ni mke wangu, Hyasinta. Aliyembeba ni mtoto wa mji huu."

Clementi akacheka mpaka akafuta macho.

Silasi, mwenyekiti wa kijiji, hakucheka. Siku ya mahari ya Hyasinta alikula nyama mafuta yakamchuruzika hadi kiwikoni. Leo, loo, anachunguza mawingu! Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

"Mwenyekiti, si useme?"

"Mama, mila ni mila, serikali ni serikali. Bwana ardhi anataka jina la mwanaume. Shemeji yako Matiko yupo, tumwandike."

Yupo kweli. Tangu biashara iachiwe huru na wenye hela za dhahabu ya Buhemba waanze kuulizia mashamba, Matiko hakosekani. Angeliuza shamba hili kabla mihogo haijakomaa, na kila mtu pale alijua.

Nyangi akamgeukia Silasi. "Enzi zile za njaa, mkiamuru kila kaya ilime mihogo, mlikuwaga mnakuja kuniamuru mimi. Mbona hamkumtafuta mwanaume? Leo ndiyo nimekuwa si kaya?"

Silasi alisema mgongo unamuuma. Matiko alishasimama kwenye ua wa minyaa ya mpakani, mikono kifuani.

"Mama, hebu tusaidie," Clementi akasema. "Shika ncha hii."

Akashika. Ni mazoea tu. Wakisema shika, anashika. Clementi akashuka na futi mpaka kwenye minyaa, akapima, akamtajia Matiko ukubwa wa shamba.

"Basi, Mama! Achia!"

Nyangi hakuachia.

"Achia, nimesema!"

Akaizungushia ile ncha kiganjani, akakaza. Clementi akavuta. Futi ikanyooka juu ya mihogo, ikitetemeka. Hyasinta akamlaza mtoto kwenye tuta, akaja akaishika futi nyuma ya Nyangi.