Kioo cha Kompyuta ya Walter

Mume wangu alikufa Machi 1997, na ndugu zake wakagawana vitu vyake kabla udongo haujakauka. Siwalaumu kwa hilo, ndivyo tulivyozoea: koti kwa huyu, viatu kwa yule. Ninachomlaumu shemeji yangu Opiyo ni papara. Alivuta redio iliyokuwa mezani bila kutazama waya, laptop ikaanguka sakafuni, kioo kikapasuka. Kwa kuwa imevunjika, hakuna aliyeitaka tena. Wakaniachia, nami nikajifanya sijali.

Hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na barua. Walter aliwaandikia watoto wetu wawili, Aoko na Enos, alipoona hatapona. Hakuitoa kwenye karatasi kwa sababu mashine ya kuchapisha ilikuwa ofisini kwao, kwenye mradi wa utafiti wa samaki, na karatasi ikitoka pale kila mtu anaisoma. "Seline," aliniambia, "wakifika umri wa kuelewa, wafungulie." Mimi mwenyewe sikuisoma. Niliona kuisoma akiwa hai ni kumzika kabla ya wakati.

Duka la kompyuta mjini lilitaka shilingi elfu thelathini, na kioo kitoke Nairobi. Elfu thelathini, kwa mwalimu wa nasari! Nikaipeleka kwa Kangethe, fundi wa redio na televisheni karibu na soko la Kibuye, ambaye alikuwa na laptop nyingine iliyokufa lakini kioo chake kizima. Akasema elfu nne.

"Umeitoa wapi, Mama?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokosea. Tangu mazishi, majirani zangu wa Kaloleni walikuwa hawanywi chai kwangu. Tulitangaza kwamba Walter alikufa kwa kifua, lakini watu si wajinga. Miaka hiyo kila mtu alijua kifua kinaficha nini. Ningesema ni ya marehemu, Kangethe angeuliza marehemu yupi, na pengine asingeigusa.

"Nimenunua kwa ofisi fulani iliyofungwa," nikasema.

"Na vitu vya ndani?"

"Sijui vilivyomo. Wewe tengeneza kioo tu."

Petro alimkana bwana wake mara tatu. Mimi mara moja ilinitosha.

Alhamisi nikarudi. Kwenye benchi walikaa wateja wawili, mmoja wao Magdalene wa kwaya yetu. Kangethe akaifunua laptop, kioo kikawaka safi, hakina hata alama.

"Nimekufanyia kazi safi," akasema. "Hata ndani nimekusafishia. Kulikuwa na barua ya mtu wa ule ugonjwa, anaaga watoto wake. Nikaona hiyo haifai kukaa kwa nyumba yako, watoto wanaweza kuisoma. Nikafuta vitu vyote, nikaweka Windows upya. Hiyo sikuchaji."

Nilimuuliza kama inaweza kurudishwa, akatikisa kichwa, akishangaa naitakia nini. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kujipiga mwenyewe zaidi, kwa sababu yeye alinitendea wema, na uongo ulikuwa wangu.

"Ilisema nini?" nikauliza.

"Sikuimaliza, Mama. Ilinitia baridi."

"Ile uliyosoma."

Akafikiri. "Aliwaambia wakitaka kujua baba yao alikufa na nini, wamuulize mama yao. Eti mama yao hakumwonea haya hata siku moja." Akanitazama. "Kwani unamjua?"

Magdalene aliacha kujipepea. Nilijua nikijibu, Jumapili nitakaa peke yangu kanisani.

"Ni mume wangu," nikasema. "Rudia maneno hayo polepole niandike."

Kangethe aliondoa mkono wake juu ya kompyuta. Akanisukumia kalamu na kipande cha karatasi kwa ncha za vidole. Akarudia, sauti imeshuka, nami nikaandika. Ilikuwa mistari mitatu, na ndiyo barua waliyonayo wanangu mpaka leo. Nilipotoa pesa akasema niziweke tu pale mezani. Nikaziweka, kisha nikamnyooshea kalamu yake.

"Enda nayo tu, Mama," akasema.