Dumu la Saba

Siku ya tatu juu ya mlima wa Kamachumu, tangi la maji la gari la kulala wageni lilikauka. Elikana, dereva wake, akaenda kwa jirani mwenye shamba la migomba, Mama Joanitha, naye akamwazima madumu saba, mengine yake, mengine ya majirani, akamsindikiza mpaka chemchemini.

Elikana alipanda mlima mara saba na lita ishirini begani, huku wageni wake, watu wazima wenye mikono miwili miwili, wakimpiga picha. Yote akayamimina tangini. Dumu la saba lilipokaribia kuisha, harufu ikampanda puani: mafuta ya taa.

Akafungua bomba la jikoni. Maji yakatoka yaking'aa rangi rangi juu yake. Lita mia na arobaini, zote zimeharibika! Na tangi lenyewe halioshwi ila kwa maji, na maji yako bondeni.

Akakaa kwenye ngazi ya gari, mikono magotini. Mgeni mmoja akauliza chai itakuwa tayari saa ngapi.

Mama Joanitha alipokuja kuchukua madumu yake, akanusa hewa, akashika kiuno. "Baba, kwani hukunusa kabla ya kuchota?"

"Ningenusaje vyombo vyako mbele yako, mama? Ungesema nakuona mchafu."

"Sisi hapa tunanusa kila siku; dumu la maji leo, kesho ni la mafuta ya taa." Akainamisha uso. "Na nilikuona hunusi. Nikanyamaza, usije ukasema nakufundisha kazi."