Ini la Wesley

Tangu kompyuta ya hospitali ibashiri kwamba mwili wa Muthoka utalikataa ini jipya, mkewe Ndila alianza kumtazama shemeji yake kwa jicho la pembeni. Ini lenyewe lilitoka kwa huyo shemeji, Wesley. Alikatwa kipande akampa kaka yake bila kusitasita, na kanisa zima la Kyumbi likamsifu mpaka akaona haya. Lakini Ndila aliuza matunda kando ya barabara, na hakumwamini mtu anayetoa kitu kizuri bila kudai chochote.

"Hii mashine inasoma damu yake kila akikuja," Daktari Emily alimweleza huko Nairobi. "Inalinganisha na wagonjwa wengine, inatuambia nani atasumbuka. Huyu bwana yako, mashine iko na wasiwasi naye. Anameza dawa zote?"

"Zote, daktari. Mimi ndio nampimia."

Na kweli alimpimia. Za jioni Muthoka alizimeza mbele yake. Za asubuhi alimwachia kwenye kisahani, akakimbilia kibandani kabla magari ya Mombasa hayajampita. Na ni asubuhi hizohizo Wesley alipokuja na maziwa, akaingia chumbani, akafunga mlango. Afunge mlango kwa nini?

Ndila akaanza kuunganisha mambo, na Mungu amsamehe, aliyaunganisha vibaya. Shamba la baba yao huko Ekalakala lilikuwa bado halijagawanywa, na yeye alizaa wasichana watupu, Mbithe na wadogo zake. Alionja yale maziwa, yalikuwa maziwa. Alimuuliza mumewe wanaongea nini. "Mambo yetu tu," alijibu, akikwepa macho yake. Hata kikohozi kilichomshika Wesley siku hizo hakikumtia huruma. Alikiona ni dhambi inayotafuta njia ya kutoka.

Jumatatu moja aliaga kama kawaida, akazunguka nyuma ya tangi la maji na kujibanza dirishani. Aliwasikia wakisali kwa Kikamba, ile sala fupi ya kubariki chakula. Akachungulia.

Muthoka alikuwa akigawa vidonge. Kimoja kwenye kiganja cha Wesley, kimoja chake, kwa haki kabisa, mpaka kisahani kikabaki kitupu. Wakameza kwa maziwa.

Ndila aliusukuma mlango kwa nguvu. "Wesley! Unakula dawa ya mgonjwa?"

"Mama Mbithe, si mimi niliomba. Alikataa kumeza nikimwangalia."

Muthoka hakuinua kichwa. "Mtu akukatie mwili wake, alafu ukule peke yako mbele yake? Ini ni moja, na sisi ni wawili. Na vile anakohoa, nikaanza kumwongezea."

Dawa hizo, daktari alishamwambia Ndila, kazi yao ni kulegeza kinga ya mwili ili ini geni lisipigwe vita. Mtu mzima wa afya akizimeza, anaufungulia ugonjwa mlango.

Jioni hiyo ndugu hao walilazwa vitanda jirani. Mashine ilikuwa imemwona Muthoka. Habari za Wesley hakuna aliyeiuliza. Nesi alipoleta dawa, Muthoka alizishika tu, akimtazama mdogo wake anavyohangaika kupumua ndani ya barakoa ya oksijeni. Ndila alimsihi, akamgombeza, akalia. Hakumeza.

Ndipo Wesley, taratibu, akajigeuza akawapa mgongo, ili kaka yake aweze kula.