Bereti Mbili za Saizi Moja

Koplo Elieza alikuwa ameokoka mwili mzima isipokuwa kiuno. Kambini kwao, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndiye aliyeongoza kwaya, ndiye aliyeombea chakula, wagonjwa, safari, na hata lori lililogoma kuwaka. Lakini chini ya kombati alifunga hirizi nyekundu yenye mzizi aliopewa na bibi yake wa Sikonge, siku alipopelekwa kulinda amani nchi za watu. Alirudi mzima. Alimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima, na mzizi akauacha palepale ulipokuwa, maana hakuwa na hakika ni nani kati ya hao wawili aliyefanya kazi kubwa zaidi.

Bibi naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu.

"Mjukuu wangu, kitu changu kipo mwilini?"

"Kipo, Bibi."

Elieza angeweza kumdanganya mtu yeyote, lakini si Bibi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na alimwogopa kwa kiasi hichohicho.

Basi Jumatano moja Kapteni Erasmus akasimama mbele ya kombania yake, kifua mbele.

"Amri imetoka juu! Jumamosi kuna ukaguzi wa mwili. Shingoni, mkononi, kiunoni, sitaki kuona kitu. Rozari, tasbihi, hirizi, vyote vibaki kwenye masanduku yenu. Dini ya mtu hatuigusi, lakini sare ni ya serikali. Nitawakagua mimi, na mimi nitakaguliwa na Meja. Na nikimkuta mtu na mambo ya kishirikina, atanitambua!"

Aliposema ushirikina alimtazama Elieza kwa upendo, kama mtu anayetazama dawa ya ugonjwa huo. Mezani kwake Kapteni alikuwa na fomu ya kumpendekeza Elieza kwenda kusomea uchungaji wa jeshi. Nafasi ilikuwa moja tu, Elieza alikuwa ameiomba miaka minne mfululizo, na sasa ilibaki saini ya Kapteni. Koplo wa watu akahisi kiuno kinawaka moto.

Mficha uchi hazai. Kesho yake akaomba ruhusa, akapanda baiskeli hadi mjini kwa mzee Fakhrudin, fundi cherehani ambaye familia yake ilikuwa ikishona nguo Tabora tangu enzi za babu wa babu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Koplo. Suruali imebana?"

"Hapana. Nina kitu kidogo, naomba unishonee ndani ya bitana ya bereti. Kitu cha kifamilia tu."

Mzee Fakhrudin hakuinua hata nyusi. "Cha mti, cha karatasi, au cha shanga?"

"Cha... cha mti," akanong'ona Elieza. Mzee akamwonyesha rafu nyuma yake. Bereti zilikuwa zimepangwa safu tatu, kila moja ikisubiri zamu.

"Tangu jana mchana," alisema mzee, "kila anayeingia ananiambia ni yeye peke yake. Jina sikuandikii, msinitie matatani. Nyote mmenikataza. Naandika saizi kwa chaki, basi. Wewe ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Njoo kesho jioni."

Huko ndiko makosa yalikoanzia. Ijumaa jioni mzee alikuwa msikitini, dukani amebaki mkewe, Mama Kherunisa, naye akasoma chaki, akampa Elieza hamsini na nane ya kwanza aliyoishika. Elieza akashukuru, akaondoka mbio kabla hajaonekana na mtu.

Jumamosi jua la Tabora liliamka na hasira. Meja alimkagua Kapteni kwanza, akamkuta safi. Kapteni akawakagua askari wake mmoja mmoja, akawakuta safi kuliko watoto wachanga, akafurahi mno. Elieza naye alikuwa anafurahi, mpaka ilipotolewa amri ya kutazama kulia. Alipogeuza kichwa, kitu kikamlilia juu ya sikio, kwacha kwacha, kama karatasi iliyokunjwa. Mzizi hauna tabia hiyo. Kama hii si bereti yake, basi yake iko juu ya kichwa cha nani?

Jibu lilikuja na mabawa. Bibi wa Sikonge hakufunga mzizi mkavu mkavu. Aliupaka nta na asali ya porini, na kila Krismasi aliupaka upya, na jua lile likawa limeyeyusha kila kitu. Uzi mwembamba wa asali ulikuwa unateremka nyuma ya sikio la Kapteni Erasmus. Na nyuki wa Tabora hahitaji kualikwa mara mbili. Walikuja watatu, wakawa saba, kisha ikawa haina maana kuwahesabu. Kapteni alisimama mguu sawa, macho mbele, ukope mmoja tu ukimcheza.

"Kwa sala, vua kofia!" akanguruma Sajini Masolwa. "Koplo Elieza, tuongoze!"

Elieza, ambaye sala zake kwa urefu zilishawahi kuangusha askari wawili juani, akafumba macho akasema, "Ee Bwana, utuondolee kila kinachotuzunguka. Amina."

Amina ya Kapteni ilisikika hadi getini.

Baada ya nusu saa Elieza aliitwa ofisini. Sikio la Kapteni lilikuwa limevimba likawa na ukubwa wa andazi. Mezani palikuwa na bereti iliyofumuliwa bitana, na pembeni yake hirizi nyekundu, inanata.

"Nimekuta mzigo huu kwenye kofia," alisema Kapteni taratibu. "Sijui wa nani. Nimefikiria nimpe mpishi autie jikoni uungue. Unasemaje, mchungaji mtarajiwa?"

Fomu ilikuwa palepale, haijasainiwa. Neno moja tu, "uungue", na Elieza angekuwa njiani kwenda masomoni. Alifungua mdomo kulisema. Kisha akamwona Bibi akipaka asali ile kwa vidole vyake vilivyopinda, akaona uchungu, akaona na aibu.

"Ni wangu, afande. Alinipa bibi yangu. Fomu ichane tu, lakini huo naomba unirudishie."

Kapteni akaelekeza kidole mkononi mwake.

"Na hiyo bereti uliyoshika?"

"Hii siyo yangu, afande. Ina karatasi."

"Umeifungua?"

"Hapana, afande. Inalia tu nikigeuza kichwa."

Kapteni akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Alipoongea tena, sauti yake haikuwa ya gwaride.

"Mama yangu anaitwa Mwanajuma. Mimi nilibatizwa kwa dini ya baba, lakini yeye ndiye aliyekwenda kwa shehe kuniandikishia aya siku naingia jeshini. Miaka kumi na tisa sijaivua."

Wakabadilishana bereti juu ya meza, kila mmoja akitazama ukutani. Kapteni akaikagua yake, akashusha pumzi.

"Huyo fundi ana wateja wangapi?"

"Rafu nzima, afande. Kuna moja ya saizi sitini na mbili."

Kambi nzima ilikuwa na kichwa kimoja tu cha saizi hiyo, nacho kilikuwa cha Meja. Kapteni alikohoa sana, akafuta machozi, akaivuta fomu. Akaijaza mstari kwa mstari mpaka akafika pale palipoulizwa kama mwombaji ana kasoro zozote za kiimani, azitaje. Kalamu ikasimama. Kisha Kapteni Erasmus akaandika kwa hati nzuri kabisa, akasaini, akagonga muhuri:

"Anazo. Hazizidi za mkuu wake."