Chokaa ya Idi

Nilimvunja taya Pak Hendrarto, bwana mkuu wa kijiji chetu, kwa kiti cha ofisini kwake mwenyewe, na sijuti. Wakubwa ndio walioanza.

Hapa kwetu Java, ukipewa msaada wa serikali wanakuja na rangi nyekundu, wanakuandikia ukutani, mbele ya nyumba kabisa: FAMILIA MASKINI. Amri ya wilaya hiyo, eti wasiostahili waone haya wajitoe. Aliyeona haya ni mke wangu, Wagiyem. Lakini figo zake zilikuwa zimekufa, na bila kadi ya maskini asingepata mashine ya kusafisha damu. Tukavumilia.

Idi ikakaribia. Kwetu Idi haikukuti na ukuta mchafu, kila nyumba inapakwa. Wagiyem akaniambia, "Mas, mume wangu, wajukuu wanakuja. Paka tu. Pak Hendrarto ataandika tena sikukuu ikipita."

Nikapaka chokaa, nyumba ikang'aa.

Baada ya Idi, kadi ikakataa hospitalini. Nikamwacha Wagiyem kwenye benchi, miguu imevimba, pumzi inakwama, nikakimbilia ofisi ya kijiji.

"Umejifuta mwenyewe, Pak Paimin," Hendrarto akasema huku anatafuna biskuti za Idi. "Mkaguzi kapita, hakuona maandishi. Hongera, umetajirika!"

Makarani wakacheka.

"Njoo uandike sasa hivi. Andika hata usoni kwangu!"

"Mpaka ukaguzi mwingine. Miezi sita."

"Mke wangu hana hata siku sita!"

"Ungefikiria hilo kabla ya kushika brashi, mzee."

Nikainua kiti. Pigo la kwanza, meno yakamwagika juu ya mafaili. La pili, nikasikia mfupa. Walinzi wakaniangusha, virungu mbavuni, virungu kichwani, mmoja akanikanyaga vidole kwa buti hadi vikavunjika. Kila nilipopiga kelele, "Mwandikeni Wagiyem!" walizidi kunitwanga.

Siku ya nne askari mmoja, kijana wa watu, akafungua mlango wa mahabusu. "Pole, mzee. Mama ametutoka. Hawakumuunganisha na mashine."

Wakanipeleka mazikoni na pingu, mkono wangu mmoja umefungwa na wa yule askari. Niliposhuka kaburini kumpokea mke wangu, ikabidi naye ashuke. Tukampokea pamoja, tope magotini, mimi kwa vidole vilivyovunjika. Askari akalia kwa sauti. Mimi nilikuwa nawatazama waliosimama juu, namtafuta Hendrarto.